Mgomba uliooza Leeds: baridi ilisingiziwa

Aprili 2023 nilipigiwa simu na mama mmoja wa Bukoba anayeishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Tunajuana kwa misiba na harusi za Watanzania wa huku. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaingia moja kwa moja kwenye shida yake.

"Njoo na jembe, mwanangu, uning'olee huu mgomba. Umekufa, na sasa unanuka."

Nafanya kazi za bustani katika eneo la Yorkshire, na kwetu ni Tukuyu, ambako mgomba unaanzia mlangoni. Nilibeba jembe kama alivyotaka, nikachukua na kisu kirefu. Mgomba huwezi kuutangaza maiti kwa kuutazama. Lazima uukate.

Kisa chake nakieleza kwa kirefu kwa sababu kila mwaka naona kinajirudia kwa Watanzania, Wakongo, Warundi na Waganda wa huku, na kwa Waingereza pia. Mtu ananunua mgomba, unastawi kiangazi kizima, anaufunika vizuri majira ya baridi, na mwezi wa nne anakuta uji mweusi. Anasema baridi imeuua. Mara nyingi baridi inasingiziwa.

Mama alikuwa amenunua migomba miwili Mei 2021. Wa kwanza ni ule ambao wakulima wa huku wanauita kwa jina lake la kisayansi, Musa basjoo. Neno basjoo limetoka kwenye Kijapani, bashō, na Waingereza wengi wanauita mgomba wa Japani, ingawa asili yake ni kusini mwa China, pande za Sichuan. Ndio mgomba unaovumilia baridi kuliko karibu yote inayouzwa madukani huku. Wa pili ulikuwa mwekundu, majani yake rangi ya damu ya mzee upande wa chini, aina ya Ensete ventricosum. Aliuchukua kwa uzuri wake tu. Lebo ya wa kwanza iliandikwa kwamba unastahimili baridi, na yeye akaamini kwamba kama mgomba mmoja unastahimili, na ndugu yake atastahimili.

Mwaka wa kwanza ilikuwa midogo, akaiweka kwenye vyungu na kuilaza ndani ya kibanda. Machipuko ya 2022 akaipanda ardhini, nyuma ya nyumba. Mwaka huo ulikuwa wa joto la ajabu: tarehe 19 Julai kipimo kilifika nyuzi 40.3 pale Coningsby, Lincolnshire, joto ambalo Uingereza haikuwahi kulipima kabla. Migomba ilifurahi. Basjoo ulifika urefu wa mtu na nusu, ukawa unatoa jani jipya karibu kila wiki. Mama alikuwa anatuma picha kwa ndugu zake Bukoba, nao hawaamini.

Mwisho wa Oktoba, kabla jalidi ya kwanza, ule umande ulioganda, haijaanguka, aliivika migomba yake. Neno kuvika nalitumia makusudi, maana ndicho alichofanya. Shina alilizungushia blanketi zito la kitandani, juu yake akafunga nailoni nene ya kufunikia samani, akakaza kwa kamba kuanzia chini hadi juu, na juu kabisa akafunga fundo. Ulikuwa umevaa kuliko mtoto anayekwenda shule wakati wa theluji. Disemba ikaja na wiki moja na zaidi ya baridi kali. Kule Braemar, Scotland, ilishuka hadi nyuzi 17.3 chini ya sifuri. Leeds haikufika huko, lakini kipimo chake cha ukutani kilisoma 8 chini ya sifuri asubuhi moja. Hakufungua mpaka Aprili.

Nilipofika nailoni ilikuwa imeshatolewa na blanketi limetupwa pembeni, limelowa, zito kama maiti ya mbuzi. Shina la basjoo lilikuwa limeinama. Nilianza kukata kwenye urefu wa kifua. Kisu kilipita kama kinapita kwenye sabuni iliyosahaulika ndani ya beseni, na maji ya rangi ya chai yakachuruzika hadi mkononi. Harufu yake ni ya mtaro uliozibuliwa. Nikashuka kiunoni, hali ile ile. Kwenye goti maganda ya nje yalikuwa kahawia lakini ya ndani yameanza kuwa manjano. Nikakata tena shubiri moja juu ya udongo. Hapo katikati palikuwa na duara jeupe, ukubwa wa mdomo wa kikombe cha kahawa, gumu, na pembezoni mwake utomvu ukaanza kutoka matone matone.

Mama aliinama, akaugusa utomvu, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ukanata. Hakuna mtu aliyekulia kwenye kibanja, shamba la migomba la Wahaya, asiyeujua unataji ule.

"Huu mzima," akasema. "Mbona huu mzima?"

Jembe nikalirudisha kwenye gari.

Kitu ambacho watu wengi husahau, hata sisi tuliozaliwa migombani, ni kwamba lile tunaloliita shina si shina. Ni maganda ya majani yaliyokumbatiana, yamejaa maji na vyumba vya hewa. Shina lenyewe ni tunguu, lile bonge lililo chini ya udongo, na mgomba unapotaka kuzaa ndipo tunguu linaposukuma kitu kupanda katikati ya maganda hadi mkungu utokeze juu. Kwa hiyo kilichosimama nje kikipigwa na barafu, maji yaliyo ndani yanaganda, yanaharibu seli, na barafu ikiyeyuka kinabaki kitu kilicholegea kisichoweza kujitetea na vimelea vya kuoza. Hiyo ni hasara ya kweli, lakini haimaanishi mgomba umekufa. Tunguu la basjoo, likiwa kwenye udongo usiotuama maji na limefunikwa vizuri, linavumilia nyuzi 10 na zaidi chini ya sifuri. Kibanja kizima cha Bukoba kinaendeshwa kwa ukweli huo huo: unakata mgomba uliozaa, tunguu linatoa watoto, maisha yanaendelea.

Hatari inaanza pale uozo unaposhuka, na uozo hushuka ukipata maji. Ndani ya nailoni ile mgomba ulikuwa unatoka jasho. Oktoba shina lilikuwa bado linakua, bado lina joto lake, likafungwa kwenye mfuko usiopumua. Unyevu ukapanda, ukagonga nailoni, ukashuka kwenye blanketi, blanketi likaunywa wote na kuukumbatisha kwenye shina miezi mitano. Barafu ilipokuja ilikuta kitu kilicholowa tayari. Nadhani hata kama angeuacha uchi kabisa, na majani makavu yamerundikwa kwenye mizizi tu, shina lingeungua, lakini uozo haungeshuka kwa kasi ile.

Kulikuwa na jambo la pili, na hilo nililiona kwa bahati, kwa sababu mvua ilianza kunyesha tukiwa bado nje. Bomba linaloshusha maji ya paa lilikuwa limepasuka kwenye kiungo, umbali wa hatua mbili tu kutoka kwenye mgomba. Maji yote ya nusu ya paa yalikuwa yanaishia pale. Nikachimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, nikalijaza maji, nikamwomba mama alitazame kesho asubuhi. Asubuhi akanipigia: maji bado yamo. Udongo wake ni mfinyanzi, kama ulivyo udongo wa bustani nyingi za Leeds. Tunguu lilikuwa limelala kwenye bakuli miezi yote ya baridi.

Hapo ndipo mama aliponibana kwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika kazi hii.

"Bukoba mvua inanyesha kuliko hapa, mwanangu. Inanyesha mpaka barabara zinakatika. Mbona migomba haiozi?"

Ni kweli kabisa. Bukoba inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Leeds haifiki hata nusu ya hapo. Tukuyu kwetu ni hivyo hivyo, mvua na ukungu mpaka nguo hazikauki, na migomba imesimama. Tofauti haiko kwenye mvua peke yake. Bukoba udongo una joto mwaka mzima, mizizi haipumziki, majani yanavuta maji mchana kutwa na kuyatoa hewani. Mgomba unakunywa kile unachonyeshewa. Huku ikifika Novemba mgomba umelala. Mizizi haivuti, majani hayapo, jua ni hafifu, na maji yanayoanguka hayana wa kuyanywa. Yanakaa. Udongo baridi uliojaa maji unakosa hewa, na mizizi isiyopata hewa inaoza hata kama kipimo hakijagusa sifuri.

Na ukitazama kwao basjoo, utaona kwa nini haukuandaliwa kwa hali hii. Sichuan inapata mvua zake wakati wa joto, na majira yake ya baridi ni makavu. Mgomba ule unaijua baridi. Usichokijua ni baridi yenye maji, ambayo ndiyo Yorkshire inayotoa kwa wingi.

Ule mwekundu nilikuwa nimeuacha kwa makusudi mpaka mwisho, kwa sababu nilijua jibu. Niliukata hadi kwenye udongo, nikaingiza kisu ndani ya tunguu lenyewe, likawa laini kama parachichi lililopitiliza. Ensete hautoi machipukizi kutoka kwenye tunguu kama mgomba wa kawaida. Unaishi mara moja, unazaa mara moja, unakufa. Ukiupoteza moyo wake hakuna mtoto wa kurithi. Mama alisikitika sana, na mimi pia, kwa sababu mmea huu ni wa kwetu. Unamea wenyewe kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, na kusini mwa Ethiopia mamilioni ya watu wanakula tunguu na shina lake. Unga wake uliochachushwa ndio kocho yao. Ni mmea wa milimani, lakini milima ambayo baridi yake inauma bila kugandisha. Jalidi ya usiku mmoja inaweza kuuondoa. Kama angeuchimbua Oktoba, akakung'uta udongo, akakata majani na kubakiza yale ya katikati, kisha akauweka kwenye chumba kikavu kisichoganda bila kuumwagia maji, ungeamka Aprili. Muuzaji aliyempa mimea miwili yenye mahitaji mbalimbali bila neno lolote alimkosea, na nasema hivyo nikiwa mtu wa biashara hiyo hiyo.

Siku tatu baada ya kukata, mama alinitumia picha. Kile kiduara cheupe kilikuwa kimeinuka juu ya mkato kwa urefu wa ukucha, maganda ya pembeni yamebaki chini. Jani jipya lilikuwa linasukuma kutoka ndani, limejikunja kama mkeka.

Fundi alikuja kuziba bomba wiki hiyo hiyo. Mimi nilifungua udongo kuzunguka mgomba, nikachanganya kokoto ndogo na mboji, na kuinua kitanda chake kiwe juu ya bustani iliyobaki kwa kina cha kiganja, ili maji yawe na mahali pa kukimbilia. Juni, machipukizi mawili yalipotokeza, moja tuliliacha kwenye mgomba mama na lingine tukalichimbua likiwa na kipande chake cha tunguu na mizizi, tukalipanda kwenye ukuta unaotazama kusini. Ukuta ule unakusanya jua mchana na kulirudisha usiku, na unazuia upepo. Upepo hauui mgomba, unachana majani tu, lakini jani lililochanika vipande ishirini halipendezi, na tutaona baadaye kwamba kwa mama jani ndilo lilikuwa jambo lenyewe.

Kuhusu kulisha sina mengi. Mgomba ni mlafi, huku na kwetu. Kuanzia Mei samadi na mbolea yenye naitrojeni, maji ndoo nzima siku za jua, na mwisho wa Agosti unaacha kulisha ili usiingie kwenye baridi ukiwa na majani mororo.

Suala kubwa lilikuwa majira ya baridi yanayofuata. Nilimuuliza mama kwao walikuwa wanafanyaje kiangazi kikiwa kikali. Akaniambia wanakata nyasi kwenye rweya, ile mbuga wazi nje ya kijiji, wanazibeba kichwani, wanazitandaza kibanjani mpaka huoni udongo. "Sasa mama," nikamwambia, "ndicho utakachofanya." Alinyamaza kidogo. Kisha akasema alidhani Ulaya kuna namna nyingine.

Mwaka huo hatukuugusa mgomba mpaka jalidi yenyewe iliposhuka na kuyafanya majani kuwa meusi. Kungoja huku kunawasumbua watu, lakini jalidi nyepesi inachukua majani tu, na inaupa mgomba ishara ya kulala. Ndipo tukayakata majani yote, tukabakiza shina la mita moja, tukazungushia waya wa kuku ukiwa umesimamishwa kwa vigingi, nafasi ya mkono mzima kutoka kwenye shina kila upande, na kujaza mabua makavu ya ngano bila kushindilia. Hewa iliyonaswa kati ya mabua ndiyo inayozuia baridi, ukishindilia unaitoa. Nailoni hatukuitumia pembeni hata kidogo. Juu tu tuliweka kipande cha bati la plastiki, kimeinamishwa ili maji yateremkie nje ya kitanda. Mtoto kule ukutani tulimkata kabisa usawa wa goti, tukamrundikia mabua na majani makavu kina cha futi moja, basi. Nilitaka mama aone njia zote mbili.

Mtihani ulikuja mzito. Oktoba 2023 dhoruba ya Babet ilimwaga maji sehemu nyingi za Uingereza, na miezi iliyofuata ikaendelea kuwa ya mvua. Katikati ya Januari 2024 baridi ikakaza siku kadhaa. Nilipita pale Februari, nikaingiza mkono ndani ya mabua hadi begani. Ya nje yalikuwa yamelowa, ya ndani yalikuwa makavu kabisa, na shina nililigusa likiwa gumu na baridi kama chupa ya maji. Nikatoa mkono, nikamwambia mama asifungue.

Kufungua ndiko nilikokosea mimi. Wiki ya kwanza ya joto la Aprili niliona jani limeshatokeza kwenye mabua, nikaona si vyema kulinyima mwanga, nikaondoa kila kitu siku moja. Mwisho wa mwezi jalidi ikarudi usiku mmoja na kulichoma jani hilo na lililofuata. Mgomba haukudhurika, lakini ulipoteza wiki tatu hivi. Sasa nafungua juu kwanza, pembeni nangoja hadi katikati ya Mei.

Kwa shina la mita moja, sentimita 80 zilikuwa za kijani. Mgomba wa ukutani, uliokatwa gotini, ulichelewa kwa mwezi mmoja, lakini ulikuja na machipukizi manne. Mwaka 2024 kiangazi kilikuwa cha ubaridi, na hata hivyo ule mkubwa ulimpita mama kwa kichwa ilipofika Agosti. Kama unataka urefu, fanya kazi ya waya na mabua. Kama unataka mgomba tu, kata na ufunike tunguu. Mimi mwenyewe nafanya hivyo nyumbani.

Kulikuwa na swali ambalo mama hakuwa ameliuliza waziwazi muda wote huu, na aliliuliza siku hiyo ya Agosti akiwa ameshika shina kwa mikono miwili.

"Utazaa lini?"

Nilimwambia kama ulivyo. Basjoo ukinusurika na shina lake miaka kadhaa unaweza kutoa ua, kisha vidole vidogo vya kijani, lakini ndani vimejaa mbegu nyeusi ngumu na nyama yake haina maana. Haitakuwa ebitoke, zile ndizi za kupika za kwao, kamwe. Ndizi za kupika zinahitaji miezi mingi mfululizo ya joto, na hapa tunapata minne ikiwa mwaka ni mzuri. Hakuna mbolea wala mabua yatakayobadilisha hilo, na anayekuuzia mgomba Leeds kwa ahadi ya mkungu anakudanganya.

Alikaa kimya. Halafu akaingia ndani, akatoka na kisu cha jikoni, akachagua jani la tatu kutoka juu kwenye mgomba wa ukutani, pana, lisilochanika kwa sababu ya ule ukuta, akalikata kwenye shingo. Jikoni aliwasha gesi, akalipitisha jani juu ya moto taratibu, akilibabua upande mmoja kisha wa pili, mpaka rangi yake ikageuka kutoka kijani cha unga hadi kijani kinachong'aa kama limepakwa mafuta, na likalegea mikononi mwake bila kupasuka. Ndizi alikuwa amezinunua mjini, zimetoka Uganda kwa ndege. Alizipanga kwenye sufuria pamoja na maharage, akazifunika kwa jani, akakunja pembe zake kuingia ndani kama anavyomfunga mtoto nepi, na kuweka mfuniko juu.

Baada ya muda harufu ya jani ikajaa nyumba nzima. Mjukuu wake, ambaye hajawahi kufika Bukoba, alishuka ngazi akiuliza kinapikwa nini.

Novemba tulifunga waya tena. Mabua alikuwa ameshayanunua mwenyewe.